Bahari, hori na mikoko kwenye reli ya modeli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa watu wanaokuja kuitazama reli yangu ndogo hapa Mtwara, na kwa wanaoniandikia kutoka Lindi, Masasi na kwingineko. Reli yenyewe ni ya kipimo cha 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli. Inaanzia kwenye gati, inapita juu ya tuta kando ya hori lenye mikoko, kisha inapanda bara. Jambo likiwa limeshajibiwa kwenye swali jingine, nitakuelekeza huko.

## Kabla ya kushika brashi

Kusini hakuna treni. Kwa nini utengeneze reli ya Mtwara na Lindi?

Treni ilikuwepo. Mradi wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 ulihitaji njia ya kupeleka mitambo bara na kuleta mazao pwani, ndipo ikajengwa reli ya Jimbo la Kusini, yenye upana wa mita moja. Kipande cha kwanza kilianzia Mkwaya, kwenye hori la Lindi, kikaenda hadi Nachingwea. Baadaye Mtwara ikapata bandari ya kina kirefu na reli ikafikishwa huko. Mradi wa karanga ulikufa mwaka 1951, reli ikajikongoja miaka michache na kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Wazee walioipanda bado wapo, lakini wanapungua. Mimi naijenga ili mjukuu akiambiwa "hapa palipita garimoshi" awe na kitu cha kukiona. Na kwa kuwa reli ile ilianzia majini, huwezi kuijenga ukayakwepa maji.

Nianze na kipimo gani?

Anza na injini unayoweza kuipata. Kwa 1:87, reli ya mita moja inataka njia ya milimita 12, lakini wengi wanaanza na ile ya kawaida ya milimita 16.5 kwa sababu vifaa vyake ni vingi na nafuu. Kwa 1:160 njia ni ya milimita 9. Nafasi ikiwa ndogo, 1:160 inakupa bahari pana zaidi juu ya meza ileile.

Piga hesabu ya maji mapema. Kwenye pwani yetu, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hufika mita 3 na zaidi. Mita 3 katika 1:87 ni kama milimita 34. Katika 1:160 ni kama milimita 19. Hicho ndicho kimo cha ukuta wa gati, nguzo na mizizi vitakavyoonekana vitupu maji yakitoka, na kinabadilisha mchoro wako wote.

Kwa nini nisiweke maji ya kweli?

Maji hayakubali kupunguzwa kipimo. Tone la maji ni kubwa kama kichwa cha mtu wa 1:87, na pembeni maji yanajivuta juu ya ukuta kwa ukingo mnene ambao bahari haina. Ukiyapuliza, wimbi lake linatembea kama la beseni. Ongeza kutu kwenye reli, umeme uliopo mezani, na mbu baada ya siku kumi. Hapana.

Maji yana rangi gani?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mtu alijibu kwa macho yake kabla hajanunua chochote. Karibu wote huanza na kopo la rangi ya bluu, na karibu wote hujuta.

Nenda Mikindani, karibu na Mtwara, simama kandokando ya barabara inayozunguka ghuba, saa nne asubuhi maji yakiwa yanatoka. Karibu na miguu yako maji hayana rangi yoyote. Unachokiona ni mchanga uliolowa. Hatua kumi mbele yanakuwa ya kijani hafifu, kwa sababu mchanga mweupe uko chini yake. Kisha kuna mabaka meusi-meusi ambayo mgeni hudhani ni kina, kumbe ni majani ya baharini. Bluu yenyewe iko mbali, kwenye mkondo, na hata hiyo ina kijani ndani yake. Mawingu yakifunika jua, yote hayo yanakuwa ya kijivu kwa dakika moja.

Sasa nenda Lindi, utazame ng'ambo kuelekea Kitunda. Pale mto Lukuledi unamwaga maji yake. Msimu wa mvua, ambao kwetu Kusini ni mmoja mrefu kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi, maji yanakuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na mstari kati ya maji ya mto na ya bahari unaonekana wazi. Kiangazi yanatulia na kuwa ya kijani kilichochujuka.

Kwa hiyo kabla ya rangi, amua mambo matatu: ni mahali gani, ni mwezi gani, na maji yako wapi kati ya kupwa na kujaa. Mimi nimechagua mwezi wa saba, upepo wa kusi, maji nusu yametoka. Tangu nilipoamua hivyo sijabahatisha tena rangi hata mara moja.

## Sakafu ya maji

Maji yapangwe kabla ya reli au baada?

Kabla. Maji ndiyo sehemu ya chini kuliko zote, na kila kitu kingine kinapimwa kutoka hapo. Weka plaiwudi ya sakafu, pigia mstari wa maji kujaa, kisha jenga tuta la reli juu yake. Tuta lililo mita moja na nusu juu ya maji kujaa ni milimita 17 katika 1:87. Ukilaza reli kwanza moja kwa moja juu ya meza, utabaki na treni inayotembea usawa wa bahari, na hakuna mjenzi wa reli anayefanya hivyo.

Hakikisha meza imenyooka kwa pima maji pande zote mbili. Rezini, ule uto mzito unaomwagwa na kuganda ili uwe maji ya modeli, ni maji kwelikweli ikiwa bado mbichi: itakuonyesha kila kosa.

Je, nichimbe kina halisi?

Kwa bahari na hori, hapana. Kina unakipaka rangi. Sakafu yangu yote ina shimo la milimita 4 tu, na watu huuliza nimechimba sentimita ngapi. Chimba kidogo pale ambapo kitu kinaonekana ndani, kwa mfano nguzo za gati zinazozama au mawe ya mwambani.

Naweza kutumia povu jeupe la kufungia tivii?

Kwa vilima na kingo, ndiyo, ni jepesi na linakatika vizuri kwa kisu chenye makali. Lakini thina, vanishi ya mafuta na rezini ile ya faiba inayotumika kwenye boti vinalila povu hilo kama moto unavyokula karatasi. Lifunike kwanza kwa jipsamu au kwa tabaka mbili za gundi nyeupe ya mbao na karatasi, lisibaki tundu. Epoksi, rezini nyingine nitakayoieleza chini, yenyewe hailili, ila ukiimwaga nene inatoa joto la kutosha kulikunja.

Mchanga wa ufukweni unafaa?

Unafaa, baada ya kazi tatu. Kwanza uoshe kwa maji baridi mara nne au tano, kwa sababu chumvi iliyobaki huvuta unyevu hewani, na kwa hewa ya Mtwara reli yako itapata kutu na rangi itabanduka. Pili uanike, kisha uchekeche kwa kitambaa cha neti au chujio la chai. Punje kubwa kuliko nusu milimita ni kokoto machoni pa mtu wa 1:87. Tatu, pitisha sumaku. Mchanga wa pwani huwa na punje nyeusi zinazonata kwenye sumaku, na hizo zikiingia kwenye mota ya injini zinaimaliza.

Matumbawe na kombe hai ziache baharini. Makombe yaliyokufa na kusagika mchangani yanatosha, na ukiyaponda unapata unga mweupe mzuri wa ufukwe.

Rangi ya sakafu inapakwaje?

Tumia rangi za maji, na fanya kazi zikiwa bado mbichi ili zichanganyikane zenyewe. Anzia ufukweni kwa rangi ya mchanga. Ingia kwenye kijani kilichochanganywa na nyeupe, halafu kijani chenye bluu kidogo, halafu kule mbali kijani cheusi-bluu. Mpaka kati ya rangi na rangi usionekane: futafuta kwa brashi kavu, ukivuta kando sambamba na ufukwe. Majani ya baharini yaweke kwa kudonoa sponji yenye kijani-kahawia, kwa mabaka yasiyolingana.

Kwa Lukuledi ni rahisi zaidi: kahawia ya udongo na njano ya mfinyanzi, nyepesi kwenye kingo, nzito katikati ya mkondo, na upande wa nje wa kona ya mto ndiko kwenye kina.

Rangi ikikauka itazame kwa mbali, kama hatua tatu. Ikiwa tayari inafanana na maji bila chochote juu yake, umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi. Ikiwa haifanani, rezini haitakuokoa.

Kwa nini sakafu izibwe kabla ya kumwaga?

Jipsamu, mchanga na mbao vina hewa ndani. Rezini ikianza kupata joto, hewa hiyo inapanda na kukwama kama mapovu. Paka gundi nyeupe iliyotiwa maji kidogo, tabaka mbili, na uiache ikauke usiku kucha. Mashimo ya misumari na maungio ya plaiwudi yazibe kwa silikoni. Nini hutokea usipofanya hivyo, soma swali la rezini iliyovuja, chini.

## Kumwaga

Nitumie nini: epoksi, vanishi, gundi au rezini ya boti?

Inategemea maji na mfuko. Epoksi ya sehemu mbili ndiyo safi kuliko zote na haina harufu kali. Mafundi wanaotengeneza meza za mbao na rezini wanaijua; waulize wakuuzie iliyobaki, kwa sababu hori dogo halihitaji kopo zima.

Vanishi ya mafuta inayong'aa, ile ya milango, ina rangi ya asali. Baharini inaharibu kila kitu, lakini kwa mto wenye tope naipenda kuliko epoksi: tabaka sita nyembamba, kila moja ikikaa siku nzima, zinakupa maji ya Lukuledi bila kuchanganya rangi. Usizidishe unene, tabaka nene inakauka juu na kubaki ute chini.

Gundi nyeupe inafaa kwa madimbwi na mawimbi. Ikiwa nene haikauki ndani, inabaki kama maziwa, na unyevu wa masika unaweza kuirudisha kwenye weupe hata baada ya kukauka. Ifunike kwa vanishi ya maji inayong'aa.

Rezini ya faiba inanuka sana, inakula povu, na hadina yake (dawa ya kuigandisha) ikiingia jichoni inaweza kukupofusha. Sishauri kuitumia chumbani.

Nahitaji epoksi kiasi gani?

Urefu mara upana mara kina. Hori la sentimita 60 kwa 30, kina milimita 3, ni sentimita za ujazo 540, yaani mililita 540, kama gramu 600 hivi. Ongeza kidogo kwa kinachobaki kwenye kopo.

Uwiano soma kwenye kopo lako, na uangalie kama ni kwa ujazo au kwa uzito, maana sehemu hizo mbili hazina uzito sawa. Kwenye uwiano hakuna kukadiria kwa jicho. Epoksi si ugali kwamba utaongeza unga ukiona laini. Ukizidisha hadina, ziada hiyo haina cha kushikana nacho na maji yako yatabaki yananata milele.

Joto na unyevu wa huku vinaathiri?

Sana, na maelekezo ya kwenye kopo mara nyingi yameandikwa kwa chumba cha baridi kuliko chetu. Kwa kanuni ya jumla, kila joto likiongezeka nyuzi 10, kasi ya kuganda inakaribia maradufu. Kopo likisema una dakika 40, mchana wa Desemba hapa Mtwara hesabu 20. Mimi humwaga alfajiri, mwezi wa sita au wa saba, upepo wa kusi ukiwa umepunguza joto na hewa ikiwa kavu kidogo. Mvua ikinyesha, naahirisha. Unyevu ukiwa mwingi, epoksi huota utando wa mafuta-mafuta juu. Ukitokea uoshe kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kabla ya tabaka inayofuata, la sivyo tabaka hazitashikana.

Usiache mchanganyiko mwingi ndani ya kopo. Unapokuwa umerundikana unapata joto, unachemka na kutoa moshi. Ukichanganya, mwaga mara moja.

Mapovu nayatoaje?

Changanya polepole, dakika nne au tano, ukikwangua pembeni na chini ya kopo. Hamishia kwenye kopo la pili safi, koroga tena kidogo, ndipo umwage kwa utepe mwembamba. Baada ya dakika tano pitisha kiberiti cha gesi juu, haraka, kwa umbali wa kiganja, bila kusimama mahali. Mapovu yatapasuka yenyewe. Mikoko ya plastiki na majani makavu viwe mbali na mwali, au uvipande baadaye.

Sakafu ikiwa haijazibwa, mapovu hayataisha hata upitishe mwali mara ishirini.

Ukingo wa meza nauzibaje ili maji yaishie wima kama yamekatwa?

Ubao mwembamba uliofunikwa kwa selotepu pana, uso wa tepu ukitazama maji, kisha silikoni kwenye mshono wa nje. Epoksi haishiki selotepu, kesho yake ubao unabanduka. Ukingoni rezini inapanda kidogo kama milimita moja. Ikate kwa wembe ikiwa na umri wa siku moja, kabla haijawa jiwe.

Kuna hatari kwa afya?

Ipo. Vaa glavu kila mara, fungua madirisha, na usioshe ngozi kwa thina ikikurukia. Futa kwa kitambaa na uoshe kwa sabuni. Ngozi inaweza kuvumilia mara kumi na ya kumi na moja ikakataa, na ikishakataa haisamehe: vipele vitarudi kila ukiikaribia. Ukipiga msasa, vaa barakoa. Watoto wakae nje ya chumba mpaka igande.

## Uso wa maji

Epoksi imetoka laini kama kioo. Ni sawa?

Kwa dimbwi na kwa hori alfajiri, ni sawa. Kwa bahari si sawa. Hata ndani ya ghuba ya Mikindani, ambako maji ni matulivu, uso una mikunjo midogo upepo ukipita. Rezini ikishaganda kabisa, donoadonoa juu yake jeli nene inayong'aa ya kuchanganyia rangi za maji, kwa brashi fupi, kuelekea upande mmoja wa upepo. Mikunjo iwe midogo: wimbi la nusu mita ni milimita 6 tu katika 1:87, na ndani ya hori hakuna wimbi la nusu mita.

Mawimbi ya mwambani nayafanyaje?

Tandaza toilet pepa tabaka moja, ilowanishe kwa gundi nyeupe yenye maji, na kwa ncha ya brashi isukumesukume mpaka itengeneze migongo. Ikikauka paka rangi kama ya sakafu, kisha vanishi inayong'aa. Povu jeupe lipake kwa brashi kavu juu ya migongo tu. Pale wimbi linapovunjika ongeza nyuzi chache za pamba zilizolowekwa kwenye jeli. Chache sana. Wengi wanaweka pamba mpaka bahari inafanana na kondoo.

Kumbuka jiografia: wimbi linavunjika nje, kwenye mwamba. Likifika ufukweni limeshachoka, linabaki utepe mweupe mwembamba.

Chombo kinachotembea kinaacha alama gani?

Chenye mashine kinaacha mkia wa povu nyuma na mistari miwili inayotanuka kutoka mbele. Ngalawa yenye tanga inaacha karibu hakuna kitu. Usiichoree mkia wa boti ya mashine.

## Ukingo: kupwa, kujaa, mikoko na vyombo

Ukingo wangu unaonekana kama bafu. Nimekosea wapi?

Hapa ndipo modeli nyingi zinapoanguka, na hapa ndipo sisi wa pwani tuna faida, maana tumekua tukiona maji yakiingia na kutoka kila siku.

Siku ya tatu baada ya mwezi mpevu nilikaa karibu na ukuta wa mawe Mikindani, maji yakiwa yametoka kabisa, nikiwa na daftari. Ukuta mmoja ulikuwa na rangi nne. Chini kabisa kijani cheusi, chenye utelezi, bado kinang'aa kwa maji. Juu yake mkanda wa chaza, wa kijivu cheupe, mgumu kama zege lililoparuzwa. Juu yake doa jeusi kavu. Kisha jiwe lenyewe, na chokaa yake inayomomonyoka. Mikanda yote ilikuwa imenyooka kama imepigwa rula, kwa sababu maji ndiyo rula. Ukutani, kwenye nguzo, kwenye jiwe lililo pembeni, mstari ulipita kimo kilekile.

Ndivyo unavyopaswa kupaka. Tengeneza kijiti cha kupimia chenye alama za kimo, kipitishe kwenye kila nguzo, ukuta na mzizi, ndipo upake. Mkanda wa chaza ni jipsamu iliyotiwa gundi na kudonolewa kwa kijiti cha meno. Ufukweni, pale maji yalipofika mara ya mwisho, weka utepe uliopinda wa takataka kavu: majani ya baharini, vijiti, makumbi yaliyosagwa.

Na mng'ao uutofautishe. Mchanga uliolowa unang'aa nusu, tope linang'aa sana, mchanga mkavu haung'ai hata kidogo. Vanishi ya kung'aa ikivuka kidogo tu juu ya mstari wa maji, kisha ikafifishwa kwa vanishi isiyong'aa, inaunganisha bahari na nchi kuliko kitu kingine chochote ninachokijua.

Mikoko naitengenezaje?

Chukua waya wa umeme wa nyuzi nyingi, kata sentimita 7, menya plastiki yote. Shika katikati kwa koleo na usokote sentimita mbili. Hilo ni shina. Nyuzi za chini zitawanye, kila moja uipinde kama upinde inayotoka shinani na kutua topeni. Nyuzi za juu zigawe matawi. Chovya mti mzima kwenye gundi nyeupe iliyochanganywa na rangi ya kijivu-kahawia, uning'inize ukauke, rudia. Majani ni sponji ya godoro iliyosagwa na kutiwa rangi ya kijani kibichi chenye njano kidogo. Tumia mashine ya kusagia ambayo haitarudi jikoni. Mti wa mita 5 ni sentimita 5.7 katika 1:87.

Hiyo ni ile mikoko yenyewe, yenye mizizi ya miguu, nayo hukaa upande wa maji. Mchu, aina nyingine ya mkoko, hauna miguu hiyo. Mizizi yake inachomoza topeni kama penseli nyingi. Chomeka nyuzi za mswaki uliochakaa kwenye tope kabla halijakauka, uzikate zote chini ya milimita 3. Mlilana unasimama mbele kabisa, baharini, na mkandaa ni mfupi, upande wa nyuma. Ukipanga kwa utaratibu huo, mvuvi yeyote akiona atatambua unaongelea nini.

Usikate mikoko ya kweli kwa ajili ya modeli. Inalindwa kisheria, na isitoshe vijiti vyake havifanani na mti mdogo.

Vyombo viwekwe kabla au baada ya kumwaga?

Jahazi na mashua vinavyoelea, baada, vikiwa vimekatwa kwenye mstari wa maji na kubandikwa kwa jeli. Nguzo na vyombo vilivyozama, kabla.

Maji yakiwa yametoka, vyombo vinakaa mchangani. Mashua inalala upande, tanga limefungwa. Ngalawa inabaki wima kwa sababu ya matengo yake. Nanga na kamba zibaki zimelegea chini. Ukisimamisha mashua wima juu ya mchanga mkavu bila gadi, mtu wa Shangani hapa Mtwara atakuuliza swali kabla hujamkaribisha kiti.

Nataka mashamba ya chumvi. Yanawezekana?

Ni rahisi na mazuri sana. Gawanya eneo kwa vituta vya jipsamu, kila boma na kiwango chake cha maji: moja lenye milimita mbili za epoksi, jingine na utando tu wa vanishi, la mwisho limekauka. Weupe upate kwa jipsamu kavu iliyochekechwa juu ya gundi. Chumvi yenyewe usitumie, kwa sababu niliyoitaja kwenye swali la mchanga.

## Mambo yakiharibika

Epoksi inanata mpaka leo.

Ikiwa imepita siku tatu na bado inanata kote, uwiano ulikosewa. Ikwangue yote iliyo laini, safisha, mwaga tabaka mpya iliyopimwa kwa mizani. Ikinata kwa mabaka tu, hukukoroga vizuri. Kwangua mabaka na ufunike. Ikiwa ni utelezi wa juu tu, tazama swali la joto na unyevu.

Imevuja usiku.

Mara yangu ya pili kumwaga niliamka nikakuta hori tupu, na chini ya meza rezini imeganda juu ya swichi za umeme. Tundu lilikuwa moja, la skrubu niliyoihamisha. Tangu hapo mimi hujaribu kwanza kwa gundi nyeupe iliyotiwa maji kidogo, unene wa karatasi, na kutandika nailoni chini ya meza. Iliyovuja haiokolewi, ziba tundu, mwaga tena, tabaka mpya itashika ya zamani ukiipiga msasa kidogo.

Wadudu na vumbi vimeingia.

Wadudu wanafuata taa. Zima taa, funika kwa boksi safi lisilogusa rezini, usifagie siku hiyo. Aliyeganda ndani, ikiwa bado ni laini, mtoe kwa sindano; ikiwa imekauka, mfunike kwa ngalawa.

Maji yamekuwa ya njano baada ya mwaka.

Ni jua. Epoksi nyingi hugeuka njano kwenye mwanga wa moja kwa moja. Weka pazia. Iliyokwisha geuka unaweza kuifanya mto.

Majani na mbao za modeli zimeota ukungu.

Vitu vya asili havikukauka kabla ya kubandikwa. Vianike juani siku tatu, kisha vipake gundi iliyotiwa maji. Makumbi na katani huvumilia kuliko majani.

## Machache ya mwisho

Kiziwa kama Rutamba, kule Lindi, kina tofauti gani na bahari?

Hakuna kupwa wala chaza, kwa hiyo hakuna mikanda. Kuna matete, na ukingo wa tope unaoshuka taratibu kadiri kiangazi kinavyoendelea. Matete ni nyuzi za katani zilizopakwa rangi na kuchomekwa kwa vifungu vya nne, tano, zisilingane urefu.

Naweza kuhamisha meza yenye maji?

Ndiyo, ikiwa sakafu ni plaiwudi ya milimita 12 yenye fremu. Ikipindapinda, rezini itapasuka au kubanduka ukingoni. Kwenye basi au gari la mizigo isiachwe juani. Joto la ndani ya gari linailegeza epoksi, na chochote kilicholala juu yake kinaacha alama.

Mabaki ya epoksi nayatupa wapi?

Yatandaze kwenye sinia la plastiki mpaka yagande, ndipo yaende na taka. Yakiwa mabichi hayaendi mtaroni wala ufukweni. Mimi huyamwaga kwenye kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi tofauti, nikiandika tarehe, hali ya hewa na mchanganyiko niliotumia. Ninavyo kumi na saba sasa, na mtu akiniuliza swali la rangi naanza kwa kumpa avishike dirishani.